Jani Lionekanalo Toka Angani

Katika vyuo vya ualimu tulizoea kuthibitisha usanisinuru kwa jani moja, spiriti na matone ya ayodini. Jani likigeuka bluu-nyeusi, tulijua limetengeneza wanga. Lakini msitu mzima ungepimwaje?

Tarehe 24 Februari 2009 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo OCO ili ipime hewa ya ukaa. Kifuniko cha roketi hakikubanduka, chombo kikaanguka baharini karibu na Antaktika. Kazi ya miaka mingi ikapotea kwa dakika chache. Kwa bahati, Wajapani walikuwa wamekwisha kurusha GOSAT mwezi mmoja kabla. Mwaka 2011 wataalamu waliochambua vipimo vyake walitangaza kuwa wameona humo mwanga mwekundu hafifu, ambao klorofili huutoa jani linapofanya kazi juani. Chombo kilichotumwa kupima hewa kikawa kimeliona jani.

Julai 2014 Wamarekani wakarusha OCO-2, nayo ikaishuhudia El Niño ya 2015. Mwaka huo nchi za tropiki ziliachia hewani yapata tani bilioni 2.5 za kaboni kuliko mwaka 2011. Amerika ya Kusini, ukame uliidhoofisha mimea. Asia, moto uliteketeza misitu. Afrika, joto liliharakisha kuoza kwa majani na miti iliyokufa.

Basi, ndugu msomaji, msitu uliotubebea mzigo mwaka huu waweza kuutua mwakani. Anayechoma mafuta kwa kuutegemea na akumbuke kuwa mbebaji naye huchoka.