Ua la Mbuni katika Masisi na Walikale

Wanaoandika tarikhi ya kahawa ya Kivu ya Kaskazini aghalabu huanza na hati za ardhi: huitaja ile Halmashauri ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyoasisiwa mwaka 1928 ili kuwagawia walowezi wa Kizungu mashamba, kisha huwahesabu watu takriban 85,000 walioletwa kutoka Rwanda baina ya mwaka 1937 na 1955, wakawekwa kwanza Gishari katika milima ya Masisi, baadhi yao wakawa vibarua wa mashamba hayo. Hayo ni kweli, na athari zake hazijakwisha hata leo. Walakini hayaelezi kwa nini Masisi ilipandwa arabika, na Walikale, iliyo chini magharibi yake, ikapandwa robusta. Baridi ya milimani ni nusu ya jawabu. Nusu ya pili imo katika ua.

Tumba la mbuni huumbwa mapema, likalala muda wote wa kiangazi, hata ije mvua nzito ya kuliamsha. Ndipo, baada ya siku saba hadi kumi, alfajiri moja shamba zima hugeuka jeupe, likanukia mfano wa asumini, na baada ya siku mbili hivi maua yamekwisha kunyauka. Katika Masisi, ambako kiangazi hushika tangu Juni hata Agosti, maua makubwa hufuata mvua za Septemba, na buni huiva baada ya miezi saba au minane. Lakini mvua ikirudi siku ile ile ya kuchanua, chavua hulowa ikaoshwa, na mengi ya maua hayo hudondoka bila kushika tunda.

Arabika huistahimili hatari hiyo zaidi, maana hujichavusha yenyewe, hata mti uliosimama pweke huzaa. Nyuki hawakosi faida kwayo, kwani mtafiti David Roubik alidhihirisha huko Panama, mwaka 2002, kwamba waweza kuongeza mavuno yake kupita nusu. Ila mlowezi wa Masisi, hata asingaliujua mzinga, angalivuna.

Robusta ina tabia nyingine. Hiyo ni mzaliwa wa misitu ya Kongo yenyewe: mbegu zake zilitoka bonde la Sankuru, nyumba ya Linden ya Brussels ikaanza kuziuza mwaka 1900, na mwaka uliofuata zikafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umekwisha kuiangamiza arabika. Mti huu haupokei chavua yake mwenyewe, wala ya mti uliochipuzwa kwa kikonyo chake, kama vile mitufaha mingi ya nchi za baridi. Sharti upepo au nyuki alete chavua ya mti wa nasaba mbali, nao uwe umechanua siku zizo hizo. Kwa hiyo wataalamu wa Yangambi, makao ya taasisi ya kilimo ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933, walipotaka kuueneza mti bora kwa vikonyo, iliwapasa kuuchagulia na wachumba, kwani shamba la nasaba moja lingalijaa maua likakosa buni.

Katika Walikale, ambako msitu haupewi kiangazi cha kutosha, matumba hayalali pamoja wala hayaamki pamoja. Maua huja kidogo kidogo, na mchumaji hurejea kwenye tawi lile lile mara nyingi. Ni kazi ya kuchosha, na sioni ajabu kwamba wenye mitaji mikubwa walipendelea milima.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa mali za wageni, mashamba yakaingia mikononi mwa wakubwa wa dola, na sehemu kubwa ya milima ya Masisi ikawa malisho ya ng'ombe. Kule Walikale mwanakijiji alipanda robusta kwa mbegu tu, bila kuchagua, kila mche na nasaba yake. Na ile ndoa ambayo Yangambi iliipanga kwa daftari ilifungwa yenyewe nyuma ya nyumba, mradi mvua isinyeshe asubuhi hiyo.