Kuna moli mbili, na mimi nilijua moja

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka wa pili wa uhandisi wa kemikali nilifeli somo zima kwa sababu ya herufi mbili: lb. Swali lilikuwa la amonia inayopita kwenye bomba, paundi-moli 100 kwa saa, igeuze iwe moli kwa sekunde. Mimi nikaona "moli", nikagawanya 100 kwa 3,600, nikapata 0.028, nikaendelea na hesabu hadi mwisho nikijiamini kabisa. Jibu ni 12.6. Mama akalipa pesa ya kurudia mtihani, na hakuwa nazo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu alikuwa ameniambia kwa nini kuna moli mbili. Shuleni tulifundishwa moli ni idadi, kama vile trei ni mayai 30. Sasa trei ya kipaundi ni gani tena? Kwani mayai hubadilika ukivuka bahari? Likizo hiyo nikaanza kusoma historia, na manze, nikagundua nilidanganywa kidogo. Moli haikuanza kama idadi.

Neno lenyewe lilienezwa na mwanakemia Wilhelm Ostwald akiwa Leipzig, Ujerumani, miaka ya 1890. Na sikiliza hii: Ostwald hakuamini atomu zipo! Kwake zilikuwa hadithi ya kurahisisha hesabu tu. Alikuja kukubali karibu 1909, majaribio ya akina Jean Perrin yalipombana kabisa. Kwa hivyo mtu aliyetupa moli hangeweza kuwa anahesabu molekuli. Alikuwa anapima uzito. Maji yana uzito wa molekuli wa 18, basi gramu 18 za maji ni moli moja. Imeisha.

Fikiria gorogoro. Mama mboga hahesabu maharagwe, anajaza mkebe. Na ukipika wali kwa vikombe viwili vya mchele na vinne vya maji, kikombe kikiwa kikubwa au kidogo wali utaiva tu, bora usibadilishe kikombe katikati. Kemia ni hivyo hivyo. Naitrojeni moja kwa haidrojeni tatu inatoa amonia mbili, na uwiano huo haujali kama mkebe wako ni wa gramu au wa paundi.

Ndiyo maana wahandisi wa Marekani hawakuona shida. Uhandisi wa kemikali kama kozi ulianza huko MIT mwaka 1888, na viwanda vyao vilikuwa vya paundi, futi na Fahrenheit. Wakachukua mkebe wao: paundi 18 za maji ni paundi-moli moja. Hawakukosea popote. Lakini paundi ni gramu 453.59237, kwa hivyo mkebe wao una moli zetu 453.59237. Gawanya kwa sekunde 3,600 na unapata ile namba ambayo ningeijua ningekuwa nimemaliza somo: paundi-moli moja kwa saa ni karibu moli 0.126 kwa sekunde. Ukitaka kilomoli kwa saa ni rahisi zaidi, zidisha kwa 0.4536.

Hata hizo desimali zote za paundi hazikutoka mbinguni. Zamani paundi ya Uingereza na ya Marekani zilitofautiana kidogo sana, mpaka mwaka 1959 nchi sita zikakubaliana juu ya namba moja. Mkutano na sahihi, basi.

Moli nayo iliingizwa rasmi kwenye vipimo vya kimataifa vya SI mwaka 1971, bado ikiwa imefungwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Ni tarehe 20 Mei 2019 tu ndiyo ikawa idadi tupu: 6.02214076 × 10²³, bila uzito wowote. Yaani ile "trei ya mayai" tunayofundishwa siku ya kwanza ndiyo maana mpya kuliko zote. Paundi-moli inaonekana kichaa kwa sababu tunaitazama kutoka mwisho wa hadithi.

Na usicheke Wamarekani. Ploti hapa tunanunua hamsini kwa mia, na hizo ni futi. Upepo wa tairi unaomba kwa psi. Sisi pia tuna mikebe miwili jikoni.

Kwa gesi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu watu hupima ujazo halafu wanaugeuza kuwa moli. Avogadro alisema tangu 1811 kwamba ujazo sawa wa gesi una molekuli sawa, lakini joto na mgandamizo lazima viwe sawa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu huruka. Kwa nyuzi 0 za Selsiasi na atimosfia moja, kilomoli ni mita za ujazo 22.414. Mwaka 1982 IUPAC wakabadilisha mgandamizo wa kawaida kuwa baa moja, ikawa 22.711. Viwanda vya gesi vya Marekani vinatumia nyuzi 60 za Fahrenheit, ambapo paundi-moli moja ni futi za ujazo kama 379.5. Kwa nyuzi 32 ni 359. Bomba lile lile, gesi ile ile, na wote wanasema wako kwenye hali "ya kawaida". Kawaida ya nani?

Kwenye mtihani wa marudio swali la tatu lilitoa mtiririko kwa futi za ujazo za kawaida kwa saa. Nikainua mkono nikauliza, kwa nyuzi ngapi? Mhadhiri akaisoma karatasi yake mara mbili, akaenda ubaoni, akaandika: 60°F.