Kuku wa Bibi, kanu na mti wa Ngara

Najua nimekuwa kimya. Nilikwenda likizo Ngara kwa Bibi, na mwandishi wa habari akienda likizo kwao hapumziki, anarudi na habari. Ya safari hii ni ya kuku. Msicheke, someni kwanza.

Nilifika jioni nikiwa na vumbi la safari hadi kwenye kope. Alfajiri nikaamshwa na sauti ya baba mdogo akigomba peke yake nyuma ya nyumba. Kuku saba walikuwa chini bandani, shingo zimetobolewa, nyama karibu yote haijaguswa. Wa nane alikuwa amebaki manyoya, yametapakaa hadi kwenye ua wa minyaa. Bibi akaja na mkongojo wake, akatazama, akasema neno moja tu: "Kanu."

Kwa mliozaliwa mjini, hiki si chama cha siasa cha Kenya. Ni mnyama mwembamba kuliko paka, mwenye madoa mwilini na pete mkiani, anayelala mchana juu ya mti na kuwinda usiku. Akiingia kwenye banda ambalo kuku hawana pa kukimbilia, hatosheki na mmoja.

Baba mdogo alikuwa ameshaamua. Jumamosi angekuja mtu mwenye msumeno wa mashine. Mti mkubwa ulio kando ya banda ungeanguka, minyaa ingeng'olewa, ungejengwa ukuta wa matofali, na ndani yake wangeingia kuku wa kisasa mia mbili. Bibi hakujibu kitu, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nikajikuta katikati, maana ukuta huo ulikuwa ujengwe kwa pesa zangu.

Ilikuwa Jumatano. Nikaomba nipewe hadi Jumamosi kabla sijatoa jibu. Na kwa kuwa sijui kukaa bure, nikaanza kuuliza: hivi kuku na wanyama wa porini wameishi pamoja hapa kwetu tangu lini, na nani amemmaliza nani?

Kuku mwenyewe ni mgeni. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Mifupa ya zamani zaidi inayojulikana ya kuku wa kufugwa katika Afrika kusini mwa Sahara ilipatikana Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, na ni ya kati ya miaka 800 na 400 kabla ya Kristo. Akapita pia baharini, kwa majahazi. Lakini ukisikiliza lugha utadhani tumezaliwa naye: Wahangaza wanasema inkoko, Wahaya na Waganda enkoko, sisi wa Kiswahili kuku. Kila mmoja kajaribu kuuiga mlio wake.

Msidhani lakini kwamba wazee walimfuga ili wale mayai. Rwanda ya zamani wapiga ramli walisoma matumbo ya vifaranga kabla ya jambo kubwa. Buganda wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Bibi anasema nyumbani kwao ilikuwa hivyo hivyo. "Yai nimelionja nikiwa na watoto wawili," aliniambia, "tena nilijificha." Utoto wake wote aliwafungia kuku jioni, akawafungulia asubuhi, na hakuwahi kulamba hata mchuzi. Nilimuuliza kama hakuona uchungu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ni maji.

Mwenye heshima alikuwa ng'ombe. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Usui, nchi ya Wasubi ambayo leo imo Biharamulo na Ngara, wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Mali ya nchi hizi wakati huo ilihesabiwa kwa ng'ombe. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaja sotoka. Ndiyo ile ambayo dunia ilitangaziwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa kabisa. Enzi hizo haikuwa na dawa wala chanjo, na ng'ombe walikufa kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika.

Hapa ndipo habari yangu inapoanza kunoga. Ng'ombe wakiisha, hakuna wa kula majani. Malisho yakawa vichaka, vichaka vikawa pori, na porini akaja mbung'o. Mbung'o akaleta nagana kwa ng'ombe wachache waliobaki na malale kwa watu. Waingereza walipoitawala Tanganyika walipambana na malale kwa kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakazi wa sehemu nyingi za magharibi, Biharamulo ikiwamo, walitolewa kwenye vitongoji vyao vilivyotawanyika na kukusanywa mahali pamoja, ili pori la mbung'o liwe upande wake na watu upande wao. Kwa hiyo sehemu ya pori lile unalolipita kwa basi, ukadhani liko hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, iliwahi kuwa na nyumba, migomba na ng'ombe.

Sasa jiulize, ni mfugo gani unaoweza kuishi kwenye nchi ya mbung'o? Nagana haimwui kuku. Mtu aliyehamishwa na serikali, ng'ombe wake wamekwisha, alibeba tenga lenye kuku wawili watatu na kuanza upya. Sijaona mahali mtu amemjengea kuku sanamu kwa hilo. Pale Biharamulo boma la Mjerumani bado limesimama na watu wanapiga nalo picha. Kuku hana boma.

Pori walilohama watu likabaki la wanyama. Likaitwa mapori ya akiba: Biharamulo, Burigi, Kimisi. Mwaka 2019 yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Wenye umri kuanzia wangu wanalikumbuka pori hilo kwa jambo jingine, majambazi. Kuna miaka mabasi yalikuwa hayapiti bila kusindikizwa na polisi. Tuyaache hayo.

Alhamisi nilikaa na Bibi chini ya mti wenyewe. Ni wa jamii ya mkuyu, yeye anauita umuvumu, ule ule ambao zamani magome yake yalipondwa yakawa nguo. Ukizaa matunda, kuanzia asubuhi kuna njiwa na hondohondo, usiku popo. Pembeni kwenye ua, katikati ya minyaa, kuna mti mwingine wa maua mekundu ambao Warundi, ndugu zetu wa lugha, huuita umurinzi, yaani mlinzi. Chozi hawaishi hapo. Nikamuuliza Bibi kwa nini huu mkubwa haukukatwa mwaka 1994, wakati kila kitu kilikatwa.

Wasiojua, niwakumbushe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Walizidi idadi ya wakazi wote wa wilaya ya Ngara. Wakawekwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Kambi nyingine zikafuata. Watu wengi kiasi hicho wanapika kila siku, na wanapika kwa kuni. Vilima vikabaki vipara. Nyama ya porini ikawa biashara, na wanyama wa Burigi na Biharamulo wakapungua vibaya. Siwalaumu. Mtu aliyekimbia mapanga hawezi kuchemsha maharage kwa hotuba za mazingira. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Warundi ya Lukole ikafungwa mwaka 2008.

"Walikuja kuuomba," Bibi alisema. "Nikawapa tawi. Kesho yake hawakurudi. Kuni zake ni moshi mtupu."

Ndiyo sababu nzima. Mti ulipona kwa kuwa haufai. Na kwa sababu ulibaki peke yake, ndege wa vilima vyote vile wakahamia kwake, na bundi naye, na bila shaka babu yake huyu kanu wetu. Uani kwa Bibi pakawa kambi ya pili, ila hii hakuna shirika lililoileta mahema.

Nikamwomba anihesabie kuku waliompotea maishani. Akachukua konzi ya mahindi, akaanza kupanga punje chini. Hizi za mwewe: vifaranga, kila msimu, mpaka alipojifunza kuwafunika kwa tenga wiki za kwanza. Hizi za kicheche. Hii moja ya nyegere, ambaye hakuja kwa ajili ya kuku bali mzinga, kuku alikaa njiani tu. Hizi za wezi wa miguu miwili, na zilikuwa nyingi kuliko za kicheche. Kisha akamimina zote zilizobaki mkononi. "Hizi za mdondo," akasema.

Mdondo, au kideri, ndiyo sotoka ya kuku. Kiangazi kimoja, mwaka hakumbuki, ulimalizia kuku arobaini kwa wiki moja. Kuku anasinzia, shingo inapinda, kinyesi cha kijani, basi. Wasiochanjwa wanaweza kufa wote. Mnyama gani wa porini amewahi kufanya hivyo? Tena dawa yake si kukata mti. Ni chanjo, ile ya I-2 iliyokuwa ikitengenezwa Temeke: tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo inafika hata vijijini kusikokuwa na friji. Bibi alianza kuchanja baada ya kiangazi kile, na hajawahi kupoteza kundi zima tena.

Nikaenda kwa baba mdogo nikiwa na hesabu yangu ya punje, nimevimba kama mwanafunzi aliyefaulu. Nikamweleza sotoka, mbung'o, Benaco, mdondo. Nikaongeza kwamba nguchiro wanawinda nyoka na bundi anakula panya wa ghalani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanivuta pembeni.

"Mwanangu, unadhani ninaogopa kanu?" akasema. "Mama ni mzee. Macho yake ni mekundu. Kila usiku bundi analia juu ya nyumba yake. Watu wanaongea. Wewe uko Dar."

Nilikosa la kusema. Hii nchi yetu, hasa Shinyanga, Mwanza na Geita, imeua wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na magazeti yameandika hayo tangu miaka ya 1990. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, na macho hayo ni ya moshi wa kuni, miaka sitini ya kuinamia mafiga. Geita na Biharamulo ni majirani. Mimi nimewahi kuandika habari hizo nikiwa nimekaa ofisini, kwa aya nne. Sikuwahi kufikiri kwamba bundi anaweza kuwa wa kwetu.

Usiku huo nilimsikiliza. Analia mara tatu, ananyamaza. Kwa mara ya kwanza nilitamani kweli anyamazishwe.

Jumamosi mtu wa msumeno alifika mapema, pamoja na majirani kama kumi waliokuja kutazama, kwa kuwa mti mkubwa ukianguka ni sinema. Baba mdogo akanigeukia. Kabla sijafungua kinywa, Bibi akaja na mkongojo, akakaa kwenye mzizi. Hakuongea nami wala na mwanawe. Aliongea na majirani.

"Kateni," akasema. "Ila bundi hafi kwa kukatiwa mti. Atahamia kwa mmoja wenu. Na mimi kesho nitapita nikiuliza, huyu bundi ametumwa na nani hapa?"

Kimya. Kisha mama mmoja akacheka, wengine wakafuata, na mzee wa nyumba ya pili akasema, jamani, kwangu asije, kwangu kuna wajukuu. Msumeno haukuwashwa kwa kama nusu saa. Mwishowe tukakata tawi moja tu, lile lililolalia paa la banda, ambalo kanu alilifanya daraja. Pesa za ukuta zikanunua wavu wa waya, misumari na bati moja. Sehemu nyingine nilimwachia baba mdogo atafute jiko lenye bomba la kutolea moshi, maana hilo la macho lisingesubiri likizo nyingine. Mtu wa msumeno alilipwa nusu, hakufurahi.

Migombani pia tulikubaliana jambo. Ule mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 husambazwa pamoja na mengine na wadudu wanaotua kwenye ua la mwisho wa mkungu, na nyuki wa Bibi ni wadudu. Kwa hiyo ua hilo linavunjwa kwa kijiti cha panda mara mkungu unapomaliza kutoa vichane, si kwa panga, maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Mzinga umebaki.

Baba mdogo alikubali kwa sharti moja: kanu akirudi akala hata kuku mmoja, mti unakwenda, na mimi sitaulizwa.

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa. Juzi usiku simu ikalia, ujumbe kutoka kwake. "Kanu kaja. Kazunguka wavu mpaka saa tisa, kashindwa, kaenda kula panya wa jirani. Bundi yupo. Mama anakusalimu, anasema umwite mume wake upige simu. Mwenye msumeno bado namba yake ninayo."