Deni na Shahada ya Lugha: Historia ya Pande Mbili za Mpaka

Wahenga walinena kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii huwajia wengi baada ya mahafali, wala si kabla. Nakualika uitafakari mapema, hasa wewe unayependa lugha na unayefikiria kusomea shahada ya Kiingereza, Kiswahili au fasihi. Swali letu ni moja: je, mshahara utalibeba deni? Ili tulijibu, tusimame mpakani, kati ya Busia na Tororo, kwa maana hapo jibu hubadilika kwa hatua chache tu.

Mpaka huo una historia yake. Hadi mwaka 1902, eneo hili na nchi iliyoendelea mashariki hadi karibu na Naivasha lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari mpya ukawagawa Wasamia na Wateso. Ndugu walibaki ndugu, lakini serikali zikawa mbili, na kila serikali baadaye ikajitungia sheria zake za elimu, mikopo na mishahara.

Kizazi cha kwanza cha wasomi hakikulijua deni hili kama tunavyolijua leo. Chuo cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922 kwa mafunzo ya ufundi, kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Vijana wa Kenya walivuka mpaka kwenda huko. Miongoni mwao alikuwamo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Kiingereza Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gharama nyingi zilibebwa na serikali. Sababu haikuwa ukarimu mtupu: wahitimu walikuwa wachache, na mataifa mapya yalihitaji walimu, wahariri na maofisa wa kushika nafasi za wakoloni. Aliyekimudu Kiingereza alisubiriwa na kazi kabla hajavua joho.

Hali hiyo haikudumu. Kenya ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974, chini ya wizara. Fedha zilitoka, lakini zilirudi kwa shida, kwani wizara haikuwa na njia madhubuti ya kuwafuatilia wahitimu. Mwaka 1991 ukaja mfumo wa kuchangia gharama, na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB. Tangu hapo deni lina mdai mwenye meno.

Uganda ilifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1990 Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia. Mwaka 2005 serikali iliamua kwamba sehemu kubwa ya ufadhili wake iende kwa masomo ya sayansi. Sheria ya mikopo ilipopitishwa mwaka 2014, mikopo nayo ilielekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi. Hata ramani ya vyuo inaonyesha mkondo huo: Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilijengwa juu ya kilimo, uhandisi na sayansi, na kampasi yake ya Nagongera, wilayani Tororo, huandaa walimu wa sayansi.

Sasa tazama matokeo. Kijana wa Busia ya Kenya anayetaka kusoma lugha anaweza kukopeshwa na serikali. Mwenzake wa Tororo hana matumaini hayo kwa wepesi. Je, wa Tororo ameepuka deni? La hasha. Mzazi akiuza ng'ombe, akikodisha shamba au akikopa kwenye chama cha akiba, deni limebadilisha mdai tu. Tena deni la ukoo halina daftari, wala halina tarehe ya mwisho.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwanafunzi wa Kenya akikopa shilingi 45,000 kila mwaka kwa miaka 4, atadaiwa 180,000. Kwa riba ya HELB ya asilimia 4, akitaka kumaliza kwa miaka 5 atalipa kama shilingi 3,300 kila mwezi. Kwa mwalimu aliyeajiriwa rasmi, mzigo huo unabebeka. Lakini mwaka 2023 wengi wa walimu wapya wa sekondari msingi waliingia kazini kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwao, malipo hayo ni takriban sehemu moja kati ya sita, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Na asiyelipa kabisa huweza kutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo ni kubwa kuliko malipo yenyewe. Kwa hiyo hatari kubwa haimo katika ukubwa wa mkopo, bali katika miaka ya kungoja ajira huku saa ya deni ikihesabu.

Nchini Uganda tatizo ni jingine. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi za Uganda milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa lugha mwenye shahada kama hiyo alibaki na zaidi kidogo ya milioni 1. Walimu wa sanaa waligoma, wakarudi darasani bila nyongeza hiyo. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha ilipewa heshima; mwalimu wake hakupewa ujira wa heshima hiyo.

Nikushauri nini, basi? Sikwambii uiache lugha. Nakuomba uulize maswali manne kabla ya kutia saini: nitadaiwa jumla ya kiasi gani? Malipo yataanza lini? Nani ataniajiri, na baada ya muda gani? Nikikosa darasa, lugha hii nitaiuza wapi kwingine: tafsiri, uhariri, redio, mahakama? Asiye na jibu la swali la nne asikope hadi alipate.

Kisha kumbuka funzo la historia hii. Thamani ya shahada ya lugha haikushuka yenyewe kama mvua. Iliamuliwa mezani mwaka 1974, 1995, 2005, 2014 na 2022, na watu wanaopigiwa kura au wanaoteuliwa na waliopigiwa kura. Anayeijua lugha ana silaha ya kuwauliza kwa nini. Dawa ya deni ni kulipa, naam. Lakini raia ana haki pia ya kuuliza bei ilipangwa na nani.