Unataka kujenga karibu na ufuko? Jua sheria ilikotoka

Ndugu mkulima, zamani pwani yetu ya Mtwara watu walichimba matumbawe, wakachoma chokaa, wakajenga. Sheria Na. 29 ya 1994 ikaleta hifadhi za bahari, na mwaka 2000 ikatangazwa ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma: kilomita za mraba zipatazo 650, bahari na nchi kavu, vijiji vikiwemo. Shamba lako la minazi Msimbati lilibaki lako. Matumizi ndiyo yaliwekewa masharti.

Kisha ikaja Sheria ya Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto, usijenge kitu cha kudumu. Wengi hudhani hati ya kimila inatosha. Haitoshi! Pima kwa kamba, uliza ofisi ya kijiji na ya hifadhi, ndipo ununue tofali.