Mwanga na Upepo Vinavyochangia Mavuno ya Alizeti Singida

Alizeti ni zao kuu la biashara mkoani Singida, na mafuta yake yanategemewa katika jitihada za Taifa za kupunguza uagizaji wa mafuta ya kula kutoka nje. Mkoa huo hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kati ya Novemba na Aprili. Hivyo majani yana muda mfupi wa kutengeneza chakula kinachojaza mbegu.

Chakula hicho hutengenezwa kwa usanisinuru, ambapo jani hutumia nishati ya jua kugeuza maji na gesi ya kabonidayoksaidi kuwa sukari. Singida haina uhaba wa jua, lakini mimea ikibanana, majani ya juu hupata mwanga mwingi kuliko yanavyoweza kuutumia, ilhali ya chini hubaki kivulini na kuzeeka mapema.

Hewa nayo ina nafasi yake. Kabonidayoksaidi ni takriban sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000 za hewa, nayo huingia kwenye jani kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata. Katika shamba lililosongamana, hewa hutuama na gesi hiyo hupungua karibu na majani. Upepo mwanana huleta hewa mpya na kupunguza joto la jani.

Hata hivyo, vitundu vinavyoingiza gesi ndivyo vinavyopoteza maji. Upepo mkali na mkavu, ambao si mgeni Singida, ukivuma wakati udongo hauna unyevu, mmea hufunga stomata ili usinyauke, na usanisinuru hupungua hata jua likiwaka. Mtama na uwele hustahimili zaidi hali hiyo, kwa kuwa majani yake hukusanya kabonidayoksaidi kwa wingi ndani hata stomata zikiwa zimefunguka kidogo.

Kwa sababu hiyo, kupanda alizeti kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, kupunguza miche na kupalilia mapema huyapa majani mwanga na hewa ya kutosha. Matuta ya kukinga maji hutunza unyevu, na miti ya pembezoni hupunguza kasi ya upepo.

Wakulima wanashauriwa kuwasiliana na maofisa ugani wa kata zao kabla ya msimu kuanza, ili wapate ushauri unaolingana na mbegu na udongo wa maeneo yao.