Hitilafu za maji nyumbani: Zipi utazirekebisha mwenyewe na zipi utamwachia fundi

MAJI yanapokatika kwa siku mbili kisha yakarejea usiku wa manane, ndipo mwenye nyumba hung'amua udhaifu wa mabomba yake. Mfereji ulioachwa wazi hufurisha sinki, boya la tangi hukwama, na kiungo kilichokuwa kikitoa jasho tu huanza kumwaga.

Katika jiji la Eldoret hali hii si ngeni. Maji ya wakazi huletwa na kampuni ya ELDOWAS kutoka vyanzo vilivyo mbali na jiji, likiwemo bwawa la Chebara lililo kwenye Mto Moiben katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Mitaa kama Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya nayo imepanuka mno. Kiangazi kinapokaza na mgao kuanza, presha ndani ya mabomba hushuka na kupanda, na kupanda huko kwa ghafla ndiko huvunja kilichokuwa kimechoka.

Hitilafu nyingi kati ya hizi mtu anaweza kuzirekebisha mwenyewe akiwa na spana, bisibisi na subira. Ziko nyingine ambazo kuzigusa bila ujuzi ni kuhatarisha uhai, nazo tutazifikia.

Anza na mita. Funga mifereji yote, hakikisha hakuna anayetumia choo na kwamba tangi limejaa, kisha andika tarakimu zote za mita, zile nyeusi na zile nyekundu. Nyeusi huhesabu mita za ujazo, yaani lita 1,000 kila moja, na nyekundu huhesabu kiasi kidogo kuliko hicho. Subiri nusu saa bila kutumia tone. Iwapo nyekundu zimesogea, maji yanavuja mahali. Sasa funga valvu inayoingiza maji nyumbani na usubiri tena. Mita ikitulia, uvujaji umo ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, tatizo liko ardhini, kati ya mita na nyumba, na dalili yake aghalabu ni nyasi zilizostawi mahali pamoja wakati kwingine kumekauka. Kwa kawaida bomba kutoka kwenye mita hadi nyumbani ni jukumu la mteja, kwa hivyo ankara ya maji yaliyopotea hapo itakuwa yake.

Mpangaji afanye jaribio hili wiki ya kwanza anapohamia, na amwonyeshe mwenye nyumba matokeo kwa maandishi. Ugomvi mwingi wa ankara katika nyumba za kupanga hutokana na uvujaji ambao hakuna aliyeupima mapema.

Tuje kwenye mfereji unaodondoka. (Natumia neno mfereji jinsi Wakenya wengi wa bara wanavyolitumia, msomaji wa pwani atasema bilula, na wa Tanzania bomba au koki.) Tone moja kila sekunde huonekana dogo, lakini tukikadiria matone manne kwa mililita, ni zaidi ya lita 20 kwa siku. Huo ni mtungi mzima wa maji unaokwenda mtaroni kila uchao.

Kwa mfereji wa kawaida wa kuzungusha, kosa huwa ni washa ya mpira iliyolika. Funga valvu, fungua mfereji ili maji yaliyobaki yatoke, na uzibe tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isikuponyoke ikapotelea humo. Ondoa kishikio, fungua kichwa cha mfereji kwa spana, toa washa iliyochakaa na uende nayo dukani. Usiende mikono mitupu ukidhani utaikumbuka ukubwa wake, zinafanana sana. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye kiti cha shaba ambacho washa hukalia. Kikiwa na mikwaruzo, washa mpya itadumu wiki chache tu, na heri ununue mfereji mwingine. Mifereji ya kisasa inayofunguka kwa kuzungusha nusu mzunguko haina washa hiyo. Ndani yake mna visahani vya kauri, na hubadilishwa moyo wake wote kwa pamoja.

Kosa la kawaida hapa ni kukaza kupita kiasi. Miaka iliyopita, katika nyumba niliyopanga, nilimtazama fundi mmoja akitundika uzito wake wote kwenye spana ili kukomesha tone dogo chini ya beseni la kunawia. Tone lilikoma. Beseni nalo likapasuka, na gharama ikawa yangu. Kiungo chenye nyuzi hakizuiwi kuvuja kwa nguvu, bali kwa utepe mweupe wa fundi uliozungushwa kufuata upande nati inakokaziwa, au katani kwa mabomba ya chuma.

Choo ni mwizi wa kimya. Tia kijiko cha rangi ya chakula au chai kali iliyopoa ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Rangi ikionekana, maji yanapita. Katika vyoo vipya vya kubonyeza, mpira ulio chini ya kifaa cha kumwagia ndio huchafuka au kukakamaa. Mara nyingi kuusafisha kunatosha. Katika vile vya zamani vya mkono, maji hayapiti chini ila yamejaa kupita kiwango na kumwagikia kwenye bomba la ziada. Hapo dawa ni kuteremsha boya. Boya likiwa limetoboka na kujaa maji, halielei tena na haliwezi kufunga valvu, litikise usikie.

Sinki iliyoziba ni jambo la mafuta. Supu ya mbuzi na mafuta ya kukaangia huingia yakiwa moto, yakafika kwenye bomba la baridi, yakaganda. Asubuhi za Eldoret ni za baridi, hivyo kuganda huku hutokea upesi. Majani ya chai na punje za wali hunasa humo, na baada ya miezi bomba limekuwa jembamba kama mrija. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa chenye maji, kisha sukuma na kuvuta kwa pampu ya mpira. Ikishindikana, weka ndoo chini na ufungue lile bomba lililopinda kama herufi U. Uchafu mwingi hukaa hapo.

Pindo hilo si urembo wa fundi. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo huzuia harufu ya maji taka isipande chumbani. Ndiyo sababu bafu la wageni lisilotumika hunuka: maji yamekauka. Mwaga lita moja humo kila wiki mbili.

Kuhusu dawa kali za kuzibua, zitumie kwa hadhari. Unga wa soda kali hutiwa ndani ya maji baridi polepole. Usimwagie maji juu ya unga, kwani huchemka ghafla na kuruka machoni. Na kamwe usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kumuua mtu ndani ya bafu dogo.

Baada ya mgao, wengi hulalamika kwamba maji yamerudi ila mfereji mmoja umekataa. Hiyo ni hewa iliyonaswa mahali bomba linapopanda na kushuka. Fungua kwanza mfereji ulio chini kabisa nyumbani, uuache utiririke, kisha uendelee na wa juu. Kama maji ni hafifu siku zote, tazama urefu wa tangi: kila mita 10 za kimo huleta presha ya takriban ba 1, hivyo tangi lililowekwa mita 2 tu juu ya shawa haliwezi kufanya maajabu.

Hapo tunafikia shawa ya umeme, na hapa naomba msomaji atulie. Kwa sababu ya baridi ya nyanda hizi, kifaa hiki kimeenea kuanzia Elgon View hadi nyumba za wanafunzi za Annex. Ndani yake mna koili ya kupasha joto, na katika aina nyingi koili hiyo hugusana na maji moja kwa moja. Kinachomlinda aliyesimama chini yake, akiwa ameloa na miguu yake iko sakafuni, ni waya wa ardhi. Waya huo ukiwa umekatwa, umefungwa kwenye bomba la plastiki au haukuunganishwa kabisa, shawa itafanya kazi vizuri tu hadi siku ya hitilafu.

Ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa mfereji wa bafuni, usivae kandambili ukaendelea kuoga. Zima swichi, toka, na usiiwashe tena kabla ya kukaguliwa. Kifaa cha wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta takriban ampia 23. Kinahitaji waya wake maalumu kutoka kwenye ubao wa fyuzi, usiopungua milimita 4 za mraba, na 6 ni bora, pamoja na swichi yake nje ya mahali maji yanaporukia. Waya wa kawaida wa soketi utapata moto hadi uungue. Dai pia swichi inayokata umeme unapovuja, yenye kiwango cha miliampia 30. Kazi hii si ya plumba wala ya kijana wa mtaa anayejua kuunganisha redio. Ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Mwulize akuonyeshe.

Wanaotumia maji ya kisima wajue pia kwamba maji yenye chumvi hula koili haraka. Kuna aina zilizoundwa kwa maji hayo, na bei yake ya juu ina sababu.

Limebaki suala la usafi wa maji yenyewe. Katika baadhi ya mitaa, mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji machafu. Yakipasuka wakati presha ipo, maji husukumwa nje. Mgao unapoanza na bomba kubaki tupu, mambo hugeuka: uchafu wa mtaro hufyonzwa ndani, na huo ndio wa kwanza kukufikia maji yanaporejea. Mpira uliotumbukizwa kwenye ndoo ya kufulia nao hufyonza vivyo hivyo, kwa hivyo uondoe. Visima havina nafuu. Utafiti uliofanywa Langas na kuchapishwa mwaka 2007 ulipata vijidudu vya kinyesi katika visima vingi vilivyopimwa, na vyoo vya shimo vilikuwa karibu navyo.

Maji yanaporudi, yaache ya kwanza yatiririke hadi yawe meupe, na uyatumie kumwagia choo. Ya kunywa yachemshwe. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kwa sababu hiyo yaache yachemke kwa nguvu dakika tatu badala ya moja, kisha yafunike yapoe katika chombo hicho hicho.